Wezi Wameingia kwa Geti Bovu: Je, Mwenye Nyumba Alipe?

SWALI: Nina nyumba ya kulala wageni hapa Masasi, vyumba kumi na viwili. Uani wageni huegesha vyombo vyao, na upande wa barabarani nimepangisha fremu tatu. Mwezi Novemba, msimu wa korosho umepamba moto, wezi waliingia usiku kwa geti la nyuma. Komeo la geti hilo lilikatika wiki tatu kabla, tukawa tunafunga kwa waya. Mlinzi alikuwa ametoka. Waliondoka na pikipiki ya mgeni, wakafungua chumba namba saba bila kuvunja kitasa na kuchukua Sh 3,800,000 ambazo mgeni alizitoa benki mchana ule, kisha wakatoboa ukuta wa nyuma wa fremu ya wakala wa pesa. Hakuna aliyekamatwa. Wote watatu wananidai mimi. Mapokezi nimebandika tangazo: "Uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote." Mwizi si mimi. Je, nalazimika kulipa?

JIBU: Pole kwa mkasa huo. Nianze na jibu fupi: madai hayo matatu usiyaweke kapu moja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na uhusiano tofauti na wewe. Kwa mgeni wa chumba namba saba, hali yako si nzuri. Kwa mwenye pikipiki, yote yanategemea nani alishika ufunguo na nani alimwonyesha pa kuegesha. Kwa wakala, soma mkataba wa pango, na zaidi ya mkataba, angalia kama mlikuwa mkichangishana pesa ya mlinzi.

Hoja yako kwamba mwizi si wewe ni ya kweli, ila inajibu swali la jinai. Wanaokudai hawasemi umeiba. Wanasema ulizembea, na uzembe wako ukamfungulia mwizi njia. Hayo ni madai, na kesi ya madai haisubiri mwizi akamatwe wala ahukumiwe. Kipimo chake pia ni chepesi: katika jinai ushahidi lazima uondoe shaka yoyote ya maana, katika madai inatosha mizani ielemee upande mmoja. Kwa hiyo hata mlinzi wako akikamatwa kwa kula njama na mahakama ikamwachia huru, wewe bado unaweza kushtakiwa na kushindwa.

Sheria yetu ya uzembe kwa sehemu kubwa inatokana na sheria ya kimila ya Uingereza (common law, ile inayojengwa na hukumu za mahakama, si mila za makabila yetu), iliyopokelewa nchini Tanzania kwa Sheria Sura ya 358, ambayo tarehe yake ya kupokea ni 22 Julai 1920. Hukumu za huko za baada ya hapo hazimfungi hakimu wetu, lakini zinamshawishi, na mawakili huzitumia kila siku. Ndiyo maana utaona hapa nataja kesi za Uingereza kwa tukio la Masasi.

Kanuni ya kwanza iko upande wako: mtu hawajibiki kwa uhalifu wa mtu baki. Mwaka 1983, katika kesi ya Perl dhidi ya halmashauri ya Camden, jijini London, wezi walipita kwenye nyumba tupu ya halmashauri isiyofungwa vizuri, wakatoboa ukuta na kuiba nguo za mfanyabiashara wa jengo la pili. Halmashauri ilikuwa imelalamikiwa kuhusu usalama wa mahali pale. Mahakama bado ilikataa kuitoza. Mwaka 1987, katika kesi ya Smith dhidi ya Littlewoods kuhusu sinema tupu iliyochomwa na vijana huko Uskochi, mwenye jengo naye hakutozwa, kwa sababu hakuwa amejua kwamba vijana walikuwa wakiingia na kuwasha moto.

Sasa tazama kesi ya Stansbie dhidi ya Troman ya 1948. Fundi wa kupamba nyumba aliachwa peke yake na mama mwenye nyumba. Akatoka kwenda kununua karatasi za ukutani, akaacha mlango wa mbele bila kuufunga, akakaa saa mbili. Mwizi akaingia na kuchukua vito na nguo. Fundi alitozwa thamani yake, ingawa hakumjua mwizi wala hakupata senti. Tofauti ya kesi hii na zile mbili ni kwamba yeye aliachiwa nyumba mkononi, na kufunga mlango lilikuwa jukumu alilolipokea. Katika kila dai dhidi yako, swali la kwanza ni hilo hilo: ulipokea nini mkononi mwako?

Swali la pili ni ulijua nini. Hapa ndipo geti lako linapokuumiza. Komeo likikatika usiku wa tukio, huna hatia nalo. Komeo lililokatika wiki tatu, likafungwa kwa waya ambao hata mtoto anausokotoa, ni jambo ulilolijua na kulivumilia. Wakili wa upande wa pili ataomba ujumbe wa WhatsApp kati yako na msimamizi: "Boss, geti la nyuma bado." Ujumbe wa namna hiyo unapokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ilimradi ionyeshwe ulivyohifadhiwa na kwamba haukuchezewa. Usiufute. Simu ya msimamizi bado inao, na anayefuta huonekana ana la kuficha.

Kuna jambo jingine la kwetu huku kusini ambalo hakimu halihitaji kuelezwa mara mbili. Msimu wa mnada wa korosho, kuanzia Oktoba hivi hadi Januari, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Ruangwa kote, malipo ya mkulima yanaingia benki na yeye anakuja mjini kuyatoa. Mwenye nyumba ya wageni hawezi kusema hakutarajia mgeni wake awe na fedha. Hatari ikijulikana zaidi, uangalifu unaotegemewa nao unapanda.

Swali la tatu husahaulika, nalo ndilo kinga yako bora: je, ni geti hilo kweli lililowapitisha? Uzembe usiosababisha hasara hauna fidia. Kama waya ulikutwa haujaguswa na nyayo ziko chini ya ukuta wa upande mwingine, basi wezi waliruka, na komeo hata lingekuwa zima lisingewazuia. Kama waya ulikutwa umefunguliwa na geti liko wazi, hoja hiyo imekufa. Ndiyo maana ni kosa kubwa kuchomelea komeo jipya asubuhi yake kabla ya kupiga picha. Kama bado hujatengeneza, piga picha geti lote kwa mbali, kisha karibu: mahali komeo lilipokatikia, kutu ya pale, waya wenyewe, bawaba, na urefu wa ukuta ukiwa umesimamisha futi kamba. Waya ule uweke kwenye mfuko, usitupwe.

Turudi kwa chumba namba saba. Kitasa hakikuvunjwa, maana yake mlango ulifunguliwa kwa ufunguo, au mgeni hakuufunga. Fuatilia ufunguo kabla ya jambo jingine lolote. Nyumba nyingi za wageni hutundika funguo kwenye ubao nyuma ya kaunta, na usiku mhudumu akisinzia mtu yeyote anaunyoosha mkono. Kesi ya Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court, ya 1949, ilikuwa hiyo hiyo: mgeni alitundika ufunguo ubaoni, mtu asiyejulikana akauchukua na kuiba makoti ya manyoya chumbani. Hoteli ilitozwa kwa kutokuwa na mtu wa kuangalia ubao.

Kama ufunguo haukuondoka ubaoni, angalia vitasa vyenyewe. Vile vya bei ya chini, vyenye ufunguo wa jino moja au mawili, vina maumbo machache sana ya funguo, na ufunguo wa chumba cha tatu unaweza kufungua cha saba. Jaribu funguo zote kumi na mbili kwenye kitasa hicho mbele ya shahidi. Zikifungua mbili au tatu, jua mdai naye atakuja kujaribu. Tafuta pia kama kuna ufunguo malaya, ule unaofungua vyumba vyote, na nani hukaa nao, na kama kuna mgeni wa zamani aliyeondoka na ufunguo na kitasa hakikubadilishwa. Kitabu cha wageni kitakusaidia hapo, kama kilijazwa sawasawa.

Juu ya uzembe wa kawaida, mwenye nyumba inayompokea msafiri yeyote anayeweza kulipa ana mzigo wa zamani zaidi katika sheria hiyo ya Uingereza: anawajibika kwa mali ya mgeni iliyopotea ndani ya nyumba hata bila kuthibitishwa uzembe, isipokuwa hasara imetokana na nguvu za Mungu, maadui wa taifa, au uzembe wa mgeni mwenyewe. Kwa hiyo mgeni wako ana njia mbili za kukubana.

Na tangazo lako? Katika kesi ya Olley tangazo lilikuwa chumbani, na mahakama ikasema mgeni alikuta limechelewa, kwa kuwa mkataba ulishafungwa mapokezi. Lako liko mapokezi, hilo ni afadhali. Lakini jiulize: lilionekana kabla hajalipa, au limefichwa na kalenda? Halafu soma maneno yake. Linasema "upotevu", halisemi uzembe wa uongozi au wafanyakazi. Masharti ya kujivua lawama husomwa kwa ukali dhidi ya aliyeyaandika, na penye utata mwenye nyumba ndiye anayeshindwa. Kwa maoni yangu, lisikupe matumaini.

Unachoweza kupigania ni kiasi. Sh 3,800,000 ni fidia maalumu, yaani ya hasara yenye kiasi kinachohesabika, na Mahakama ya Rufani imeshikilia siku zote kwamba fidia ya namna hiyo lazima itajwe bayana kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Risiti ya benki inaonyesha alitoa kiasi hicho mchana. Haionyeshi kilichobaki usiku. Alinunua nini jioni? Alituma nyumbani kiasi gani? Uliza pia kama alielezwa kwamba fedha nyingi zinaweza kuwekwa mapokezi kwa stakabadhi. Kama huduma hiyo ipo na aliikataa, au aliacha mlango bila kufunga, Sheria Sura ya 310 inaruhusu mahakama kugawa lawama na kupunguza fidia kwa kadiri ya kosa lake. Kama huduma hiyo haipo kwako, swali hilo usiliulize mahakamani.

Pikipiki sasa. Kuna tofauti kubwa kati ya kumruhusu mtu aegeshe na kupokea chombo chake ukitunze. Katika kesi ya Ashby dhidi ya Tolhurst ya 1937, mwenye uwanja wa kuegesha hakutozwa gari lilipoibwa, kwa sababu alikuwa amekodisha nafasi tu, hakuwa amekabidhiwa gari. Ukimwambia mgeni "uani kuna nafasi", akafunga usukani mwenyewe na kuondoka na ufunguo, uko karibu na kesi hiyo. Lakini kama mlinzi alisema "weka hapa, niachie ufunguo niisogeze", au alimpa kikadi chenye namba, umekabidhiwa mali. Hapo inaingia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: aliyekabidhiwa lazima atunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Na mali ikipotea, wewe ndiye unayetakiwa kueleza ulivyotunza. Geti la waya na lindo lisilo na mlinzi ni maelezo magumu kuyatoa.

Kuna hoja moja ambayo wakili mzuri wa mgeni ataijenga. Ule mzigo wa zamani wa mwenye nyumba ya wageni ulihusu pia farasi na gari la msafiri vilivyokuwa ndani ya eneo la nyumba. Waingereza waliondoa vyombo vya usafiri kwa sheria yao ya 1956, ambayo imekuja baada ya tarehe yetu ya kupokea. Jiandae nayo. Omba pia kadi ya pikipiki. Bodaboda wengi wanaendesha chombo cha mtu mwingine kwa mkataba, na usije ukamlipa mwendeshaji leo na kesho akatokea mmiliki. Wala usitegemee bima yake: ile ndogo ya mtu wa tatu hailipi wizi.

Dai la wakala linaonekana kubwa kuliko yote, na huenda ndilo dhaifu kuliko yote. Kesi ya Camden inafanana nalo sana, maana halmashauri ndiyo iliyokuwa mpangishaji wa mfanyabiashara yule aliyeibiwa. Kumpangisha mtu fremu hakukufanyi mlinzi wa biashara yake. Lakini Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaingiza masharti ndani ya mkataba wa pango hata kama hamkuyaandika. Sehemu tu ya jengo inapopangishwa, mpangishaji anatakiwa kutunza paa, kuta kuu na za nje, na sehemu za matumizi ya pamoja katika hali nzuri. Ukuta uliokuwa mzima ukatobolewa kwa tindo si ukuta ulioshindwa kuutunza. Geti la uani ni habari nyingine. Kama wapangaji wa fremu wanalitumia, labda kwa kwenda chooni au kupokea mzigo, litahesabiwa sehemu ya pamoja, na lilikuwa bovu kwa wiki tatu ukijua. Kama uani ni kwa wageni tu na fremu hazina mlango wa nyuma, hoja hiyo inamponyoka.

Jambo linaloweza kukuangusha kabisa ni mchango wa ulinzi. Ukipokea hata Sh 10,000 kwa mwezi kwa kila fremu kwa ajili ya mlinzi, umeuza ulinzi, na mlinzi asipokuwepo umevunja mkataba. Hapo haja ya kubishana kuhusu uzembe inapungua. Nchini Marekani kesi inayotajwa sana ni ya 1970, ya jengo la 1500 Massachusetts Avenue mjini Washington: mpangaji alihamia mlango ukiwa na bawabu saa zote, bawabu akaondolewa, uhalifu ukaongezeka, naye akashambuliwa ukumbini. Mpangishaji alitozwa. Kwetu hukumu hiyo haina nguvu ya kumfunga hakimu, ila mantiki yake inaeleweka Masasi kama inavyoeleweka Washington: ulinzi uliompa mpangaji alipoingia usiupunguze kimyakimya.

Hakikisha mkataba wa pango umelipiwa ushuru wa stempu, maana usiolipiwa hukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe. Na kama wakala ana bima ikamlipa, kampuni ya bima inaweza kukudai wewe kupitia jina lake. Usishangae dai likirudi baada ya wewe kudhani limepoa.

Kuhusu mlinzi: kama ni mwajiriwa wako, kutoroka kwake lindo ni kosa linalohesabiwa kwako. Kama ni wa kampuni, bado wageni watakushtaki wewe, lakini unaweza kuomba mahakama iiingize kampuni kama mtu wa tatu katika shauri hilo hilo. Soma kwanza mkataba wake. Mwaka 1980, katika kesi ya Photo Production dhidi ya Securicor, mlinzi mwenyewe aliwasha moto ulioteketeza kiwanda, na kampuni ikaponea kwenye kifungu cha kupunguza dhima. Mikataba mingi ya ulinzi ina kifungu kama hicho, mara nyingi kikiweka kikomo kidogo kuliko thamani ya pikipiki moja. Tafuta pia kitabu cha lindo: saa aliyoingia, saa aliyozunguka, nani alimkagua. Kama hakuna kitabu, tafuta ushahidi mwingine wa saa alizokuwepo, kwa mfano simu yake ilipigwa kutoka wapi na nani alimwona.

Cha kufanya wiki hii. Kamilisha maelezo yako polisi na chukua namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi, kwa jina lako, usitegemee za wadai. Kama una kamera, nakili picha leo, kwa kuwa mashine hufuta za zamani diski ikijaa, wakati mwingine ndani ya wiki moja au mbili. Andika maelezo ya msimamizi, mhudumu wa zamu na mlinzi, kila mmoja peke yake, na tarehe. Usisaini karatasi yoyote ya "nakubali kulipa" ofisi ya mtaa kwa shinikizo la watu. Karatasi hiyo inageuka kukiri. Ukitaka kujadiliana, barua iandikwe juu yake "bila kuathiri haki", ili isichukuliwe kama kukiri, na mkikubaliana iwe hati ya maridhiano inayosema dai limekwisha lote, ikisainiwa mbele ya mashahidi.

Muda wanao. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, ya mkataba ndani ya miaka 6, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Shauri kama hili kwa kawaida litaanzia Mahakama ya Wilaya, na rufaa yake kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa Mkoa wa Mtwara iko Mtwara mjini.

Marekebisho ya nyumba yafanye upesi baada ya picha. Geti lipate komeo la chuma lililochomelewa kwa ndani, kufuli lake likae mahali mkasi wa chuma haupati nafasi ya kubana. Vitasa vya vyumba badilisha viwe vya silinda, kila kimoja na ufunguo wake. Ubao wa funguo uingie ndani ya kabati lenye kufuli. Taa ya uani iwe na betri, kwa sababu umeme ukikatika ndipo wezi wanapoipenda nyumba. Weka sanduku la chuma mapokezi na kitabu cha stakabadhi, na mhudumu amwambie kila mgeni wakati wa kuandikishwa. Kamera zikiwekwa ziwe zinafanya kazi, maana kamera mfu inamfanya mgeni aamini ulinzi usiokuwepo. Kumbuka pia kwamba kurekodi watu kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo kamera isielekee mlango wa bafu wala ndani ya chumba, na pawe na bango la kuwajulisha wageni.

Kwa jinsi ulivyoeleza, ningeanza na mgeni wa chumba namba saba. Mwite kabla hajapata wakili, mwombe risiti ya benki na maelezo ya matumizi ya siku ile, kisha kaeni mtafute kiasi ambacho kimethibitika. Mwenye pikipiki asubiri mpaka ujue kwa hakika ufunguo ulibaki kwa nani. Wakala mjibu kwa maandishi kwamba unapitia mkataba, na usimwahidi chochote mpaka umeshika mkononi risiti za mchango wa ulinzi, au umehakikisha hazipo.